Shinkolobwe na Mizani ya Wakaguzi

Historia ya juhudi za kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia huandikwa mara nyingi kuanzia Vienna, yaliko makao makuu ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, au kuanzia New York, uliko Umoja wa Mataifa. Lakini kwa anayeisoma akiwa Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, historia hiyo ina haki ya kuanzia Shinkolobwe, machimbo yaliyo karibu na Likasi katika Katanga, kwa sababu huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mabomu ya kwanza ya atomiki, na kwa ajili ya machimbo hayo dola kubwa zilibuni mpango wa kwanza wa kuwazuia wengine wasiipate silaha hiyo. Mpango huo ulikuwa wa kulihodhi shimo lenyewe, kwa mkataba wa siri ambao Wakongomani hawakushirikishwa wala kuarifiwa. Ukaguzi wa kimataifa ulikuja baadaye, ukiwa na taratibu bora zaidi na nia njema zaidi, ila uliurithi mwelekeo uleule wa kumwangalia kwanza asiye na bomu, na kumwacha mwenye bomu ajihesabie mwenyewe.

Kusini mwa Maniema hakukuwa na mgodi wa urani, hata hivyo eneo hilo lilikuwa ndani ya uchumi uleule wa vita. Wajapani walipoiteka Malaya mapema mwaka 1942, nchi za Muungano zilipoteza chanzo chao kikubwa cha bati na mpira, na koloni la Ubelgiji likatakiwa kuliziba pengo hilo: kasiteriti, yaani mawe yanayoyeyushwa kupata bati, ilichimbwa kwa kasi katika Maniema, na siku za kazi za lazima walizodaiwa wanavijiji zilipandishwa mwaka huo kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Kiswahili nacho, ambacho kilikuwa kimeshajikita Kasongo tangu enzi ya mfanyabiashara Tippu Tip na waungwana wake, kilikuwa lugha ya kazi katika kambi za kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ile iliyomiliki Shinkolobwe. Kwa hiyo amri za mgodini na amri za shambani zilisikika kwa lugha moja, na waliozitii, wa kaskazini na wa kusini, hawakuambiwa mali waliyoitoa ilikuwa inakwenda kufanya kazi gani.

Mwamba wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915 na Robert Sharp, Mwingereza aliyekuwa akiitafutia Union Minière madini, na uchimbaji ukaanza mwaka 1921. Wakati huo urani yenyewe ilikuwa na thamani ndogo. Kilichotafutwa ni radiamu, elementi adimu yenye mnururisho iliyohitajika katika tiba ya saratani, ambayo ilitenganishwa katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kuuzwa kwa bei ya juu mno hadi soko lilipodorora na mgodi ukafungwa mwaka 1937. Ubora wa mawe hayo haukuwa na mfano duniani, kwani baadhi yalikuwa na oksidi ya urani iliyozidi asilimia 60 ya uzito wake, wakati ambapo migodi mingi ya Marekani na Kanada haikufikia hata asilimia 1.

Barua ambayo Albert Einstein alimwandikia Rais Roosevelt wa Marekani tarehe 2 Agosti 1939, akimwonya kwamba atomu ya urani ingeweza kupasuliwa na kutoa nguvu kubwa sana, ilitaja Kongo ya Ubelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha madini hayo. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa ameshadokezwa jambo hilo na wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa mwaka huohuo, naye mwaka 1940 akaamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikahifadhiwa ndani ya mapipa katika ghala la Staten Island kwa muda wa karibu miaka miwili. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols, ofisa wa mradi wa siri wa kuunda bomu, alikwenda kumwona Sengier ofisini mwake, na kabla jua halijatua waliandikiana makubaliano mafupi yaliyoipa Marekani mapipa yote pamoja na shehena nyingine iliyokuwa imerundikwa Katanga. Wahandisi wa jeshi la Marekani wakaufungua tena mgodi uliokuwa umejaa maji. Bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na takriban kilo 64 za urani iliyorutubishwa, maana yake urani ambayo sehemu yake iwezayo kupasuka imeongezwa kwa mitambo hadi ifae kwa silaha. Na sehemu kubwa ya malighafi ya kazi hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa wachimbaji wa Katanga.

Tarehe 26 Septemba 1944, karibu mwaka mzima kabla ya Hiroshima, Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini makubaliano ya kuipa dola hizo mbili za kwanza haki ya kununua urani yote ya Kongo kwa miaka 10. Kwa hesabu ya Jenerali Leslie Groves, aliyeongoza mradi wa bomu, kama madini mazuri yote yangekuwa mikononi mwa nchi hizo, Wasovieti wangechukua miaka 20 hivi kulifikia bomu. Hesabu hiyo ilikosea pande zote. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940 waliteka shehena kubwa ya urani ya Kongo iliyokuwa Olen, na vita vilipokwisha zaidi ya tani 100 za oksidi ya urani zilikutwa na Wasovieti ndani ya Ujerumani, zikawasaidia kuwasha kinu chao cha kwanza cha majaribio mwaka 1946. Wasovieti walilipua bomu lao tarehe 29 Agosti 1949, miaka 4 tu baada ya Wamarekani. Ni vyema jambo hili likakumbukwa kila panapodaiwa kwamba usalama wa dunia unategemea kulifunga shimo la mnyonge: shimo la Katanga lilifungwa kwa siri na kwa jeshi, na bado madini yake yalizifikia kambi zote mbili za vita baridi.

Wapo waliouona upungufu huo mapema. Azimio la kwanza kabisa la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 24 Januari 1946, lilitaka silaha za atomiki ziondolewe, na mwezi Juni mwaka huo Bernard Baruch aliwasilisha kwa niaba ya Marekani mpango wa kuunda mamlaka ya kimataifa ambayo ingeisimamia shughuli yote ya atomiki tangu migodini hadi viwandani. Mpango huo ulikwama kwa sababu ya mgogoro kati ya Washington na Moscow kuhusu nani atangulie: Wamarekani walitaka ukaguzi usimamishwe kwanza ndipo mabomu yao yaharibiwe, Wasovieti walitaka mabomu yaharibiwe kwanza. Katika mabishano hayo yote Shinkolobwe ilikuwa mezani, ila haikuwa na mtu wa kuisemea.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipoanza kazi mwaka 1957, jambo hilohilo liliandikwa ndani ya katiba yake. Bodi ya magavana, chombo kinachoamua mambo ya shirika hilo pamoja na ya ukaguzi, ilitengewa viti maalumu kwa nchi zilizozalisha urani, na Ubelgiji ikatajwa kwa jina miongoni mwake pamoja na Chekoslovakia, Poland na Ureno. Urani iliyompa Mbelgiji hadhi hiyo ilikuwa ya Kongo. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi nayo ilikalia kiti cha nchi iliyoendelea zaidi kinyuklia barani Afrika hadi mwaka 1977, Misri ilipokichukua. Hivyo kwa takriban miaka 20 ya mwanzo, kanuni za ukaguzi zilizokuwa zikitungwa Vienna zilisemewa kwa niaba ya madini ya Afrika na watu ambao Waafrika wenyewe hawakuwachagua.

Uhuru wa Kongo ulipokaribia, mgodi ulifungwa na mdomo wake ukazibwa kwa zege. Kilichobaki nchini kilikuwa kinu kidogo cha utafiti katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, ambacho rekta wa chuo hicho, padri na mwanafizikia Luc Gillon, alikipata kupitia mpango wa Marekani wa kueneza matumizi ya amani ya atomu. Kinu hicho, TRICO I, kiliwashwa Juni 1959 kikiwa cha kwanza barani Afrika, na nguvu yake ilikuwa kilowati 50. Cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya kilowati 1,000, kilifuata mwaka 1972. Kwa upande wa pili wa mizani, Ubelgiji ilikuwa imejipatia, kwa masharti yaliyotokana na makubaliano ya 1944, elimu na nafasi vilivyoiwezesha kujenga kituo kikubwa cha utafiti huko Mol na hatimaye vinu vya umeme. Ulinganisho huo unatosha kuonyesha faida ya Shinkolobwe iliishia wapi.

Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulifunguliwa kwa saini Julai 1968 na kuanza kutumika Machi 1970, na Kongo ikawa miongoni mwa waliouridhia mwaka huohuo. Msingi wake ni mapatano yenye pande mbili: nchi zilizokuwa zimelipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, zilitambuliwa kuwa na silaha, na katika kifungu cha 6 zikaahidi kujadiliana kwa nia njema ili kuziondoa; nazo nchi nyingine zote zilizojiunga ziliahidi kutozitafuta, na zikakubali wakaguzi wa Vienna waingie katika vituo vyao vya nyuklia. Ahadi ya wanyonge iliwekewa wakaguzi, tarehe na vipimo, ilhali ahadi ya wakubwa haikuwekewa mkaguzi, wala tarehe, wala kipimo. Udhaifu huu umo ndani ya maandishi yenyewe ya mkataba, na si lawama iliyobuniwa baadaye na wenye hasira.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya subira na ya hesabu nyingi. Mkaguzi anayefika katika kituo kama cha Kinshasa hulinganisha daftari za kituo na taarifa ambazo serikali imezipeleka Vienna, huhesabu vijiti vya fueli kimoja kimoja, hupima mnururisho wake kwa chombo cha mkononi, kisha hufunga chumba au kasha kwa lakiri ya chuma ambayo upande wake wa ndani umekwaruzwa mikwaruzo isiyofanana na ya lakiri nyingine yoyote na kupigwa picha, ili atakayeifungua na kuibadilisha ajulikane. Tangu miaka ya 1990 mkaguzi hupangusa pia meza na kuta kwa kitambaa cha pamba, na vumbi lililonaswa humo huchunguzwa katika maabara ya Seibersdorf karibu na Vienna, ambako chembe zisizoonekana kwa jicho hueleza kama urani iliwahi kurutubishwa mahali hapo. Kipimo kinachoongoza kazi yote ni kiasi kinachohesabiwa kutosha kwa bomu moja: kilo 8 za plutoniamu, kilo 25 za urani inayopasuka iliyomo ndani ya urani iliyorutubishwa sana, au tani 10 za urani ya asili.

Umuhimu wa kazi hiyo hauna shaka, na Kinshasa yenyewe ni ushahidi. Vijiti viwili vya fueli viliibwa katika kituo hicho miaka ya 1970. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakikitafutia mnunuzi, na cha pili hakijapatikana. Anayedai haki katika ukaguzi hawezi kutaka ukaguzi uondolewe, maana nchi yenye majengo yanayobomoka na walinzi wasiolipwa ndiyo ya kwanza kudhuriwa na uzembe wa nyuklia. Madai ya haki ni kwamba kipimo kile kile kiwahusu wote.

Hapo ndipo mifano inapotofautiana vibaya. India, ambayo haijawahi kujiunga na mkataba, ililipua bomu mwaka 1974 kwa plutoniamu iliyotoka katika kinu kilichotolewa kwa matumizi ya amani, na nchi zinazouza vifaa vya nyuklia zikaunda umoja wa kuwanyima biashara wasiokagulika kikamilifu. Lakini Septemba 2008 umoja huohuo, ukisukumwa na Marekani, uliipa India ruhusa maalumu ya kununua. Irak ilikaguliwa hadi vichochoroni, na mapema mwaka 2003 mkurugenzi wa shirika la Vienna, Mohamed ElBaradei wa Misri, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hapakuonekana dalili ya mpango wa bomu kufufuliwa, na kwamba hati zilizodai Irak ilitaka kununua urani ya Niger zilikuwa za kughushi. Siku chache baadaye nchi hiyo ilivamiwa. Tukio hilo linaihusu Afrika kwa namna ya pekee, kwa kuwa jina la nchi ya Kiafrika yenye urani lilitumika kuhalalisha vita ambavyo kazi ya wakaguzi ilikuwa imeondoa sababu yake.

Afrika, kwa upande wake, imetoa mfano ambao dunia haijauiga. Afrika Kusini iliunda mabomu 6, ikayavunja, ikajiunga na mkataba Julai 1991, na Rais F. W. de Klerk akakiri hadharani tarehe 24 Machi 1993. Wakaguzi wakafunguliwa milango, wakapitia daftari za uzalishaji za miaka iliyopita hadi hesabu ya urani iliyorutubishwa ilipolingana na iliyobaki ghalani. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba ukaguzi unaweza kulifikia bomu lenyewe pale mwenye bomu anapokubali. Kabla ya hapo Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Mexico na Sweden, alikuwa amezitaka dola kubwa tangu mwaka 1984 zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo, na mwaka 1986 nchi hizo 6 zilijitolea kuweka vipima mitetemo ili kuhakikisha kwamba Marekani na Wasovieti hawalipui mabomu chini ya ardhi. Hilo lilikuwa pendekezo la kuwapa wasio na silaha kazi ya kuwakagua wenye nazo, na ni masikitiko kwamba vitabu vingi vya historia ya nyuklia huligusa kwa sentensi moja au hulisahau kabisa.

Baada ya kugundulika mwaka 1991 kwamba Irak ilikuwa imeficha shughuli nyingi pembeni ya vituo vilivyokaguliwa, shirika la Vienna lilipitisha mwaka 1997 Itifaki ya Ziada, nyongeza inayowapa wakaguzi haki ya kufika mahali kwa taarifa ya saa 24, na inayoitaka nchi iliyoikubali itangaze pia migodi yake ya urani, hali ya kila mgodi na uwezo wake wa uzalishaji. Hapo awali ukaguzi wa kawaida haukuanzia mgodini. Ulianzia pale urani iliposafishwa kiasi cha kufaa kwa fueli au kwa kurutubishwa. Kongo iliikubali itifaki hiyo na ikaanza kutumika nchini mwaka 2003. Dola zenye silaha nazo zina itifaki zao, lakini zimejiwekea mipaka, na ile ya Marekani inairuhusu serikali kuwazuia wakaguzi popote itakapoamua kwamba usalama wa taifa unaguswa. Shimo la Katanga, kwa hiyo, limefunguliwa mbele ya sheria ya kimataifa kuliko ghala lolote la makombora.

Wakati karatasi hizo zikitiwa saini, maelfu ya wachimbaji wa mikono walikuwa wamesharudi Shinkolobwe kutafuta kobalti, wakiteremka kwa sururu na kamba kandokando ya mashimo ya zamani bila kipimo cha mnururisho wala kinga ya vumbi. Amri ya rais ya Januari 2004 ilipiga marufuku uchimbaji huo, na Julai 8 mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Wachimbaji waliondolewa na makazi yao yakavunjwa. Urani ilikuwa na mkataba, itifaki na wakaguzi wa kuihesabu. Afya ya waliolala juu yake kwa miaka haikuwa na chombo cha kimataifa chenye mamlaka kama hayo, na kwa wazee waliofanya kazi humo enzi ya mkoloni hakuna mpango wa fidia uliowekwa.

Maniema imeonja ladha ya utaratibu wa aina hiyo katika madini yake yenyewe. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilizitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au nchi jirani, na Septemba mwaka huo serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011, ingawa vita vya Kivu na hali ya Maniema havikuwa kitu kimoja. Uchimbaji uliporuhusiwa tena, kila gunia la kasiteriti lilitakiwa kufungwa lebo ya plastiki yenye namba shimoni, na nyingine kwa mfanyabiashara anayelinunua, na gunia lisilo na lebo halina soko halali. Utaratibu huo una manufaa yake, kwa kuwa umewanyima watu wenye silaha njia ya mapato, lakini gharama yake hukatwa katika bei anayolipwa mchimbaji, na mnunuzi wa mwisho aliye ng'ambo hajawahi kusimamishiwa kazi kwa miezi sita ili achunguzwe. Msomaji wa Kabambare aliyeona jambo hilo kwa macho yake hahitaji maelezo marefu ili aelewe malalamiko ya nchi zisizo na silaha katika mikutano ya mkataba wa nyuklia.

Mwaka 1995 mkataba huo uliongezwa muda bila kikomo, na tarehe 8 Julai 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kifungu cha 6 kinazilazimu dola husika si kujadiliana tu, bali kuyafikisha majadiliano mwisho. Vichwa vya nyuklia vimepungua sana tangu vita baridi kwisha, lakini kwa mapatano ya Marekani na Urusi wenyewe kwa wenyewe, waliokuwa wakikaguana wawili, na mkaguzi wa Vienna hana mamlaka ya kuhesabu hata kimoja. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zisizo na silaha zilipitisha Julai 2017 Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika tarehe 22 Januari 2021, ambao unamtaka mwenye silaha anayejiunga aziondoe kwa ratiba iliyowekwa na chini ya uthibitisho wa kimataifa. Kongo, nchi ya Shinkolobwe, iliutia saini Septemba 2017 na kuuridhia Septemba 2022. Katika nchi 9 zenye mabomu hayo leo, hakuna hata moja iliyotia saini.